Tumempumzisha

Simu ilimkuta Dobi akipiga pasi suruali ya mwalimu wa jirani. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukaisahau pasi papo hapo juu ya goti la suruali.

"Mzee, ni sista wa chumba cha mahututi," ilisema sauti ya mtu anayeongea huku anatembea. "Leo tumejaribu kumtoa binti yako kwenye mashine, hakuweza. Tumempumzisha. Msije tena leo, njooni kesho asubuhi."

"Sawa, sista," akasema Dobi. "Asante."

Simu ikakatika. Akabaki ameibana sikioni kama mtu anayesubiri apewe habari yake hasa, maana hii lazima ilikuwa ya mtu mwingine. Moshi ukaanza kupanda. Dada yake, aliyekuwa kona ya kibanda akinyunyizia mashati maji, alinusa, akageuka, akairukia pasi na kuisimamisha.

"Mwalimu wa watu ataingia darasani na dirisha gotini," alisema. "Wewe umepatwa na nini?"

Dada mtu huyu alihamia kwa Dobi tangu mke wa Dobi alipofariki, aje kumwangalia mdogo wake asile vibaya. Mtoto wa nyumba alimwita Shangazi, basi mtaa mzima ukamwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri.

"Wamempumzisha," Dobi akasema.

Shangazi akasimama na shati linamchuruzika miguuni. "Nani kasema?"

"Sista. Walijaribu kumtoa mashine, hakuweza, wamempumzisha. Twende kesho asubuhi."

"Labda ana maana..."

"Labda nini, Dada? Si ndilo neno waliloniambia kwa mama yake?"

Lile la mama yake Shangazi alikuwa analijua. Mke wa Dobi alilazwa katika chumba kile kile, anahema usiku na mchana, usingizi haumshiki. Asubuhi moja sista wa wakati ule, si huyu, alitoka mlangoni akamwambia Dobi kwa upole, "Baba, mama amepumzika." Na Dobi, mtu aliyeishia darasa la nne, mtu wa kuamini anachoambiwa na waliovaa nguo nyeupe, alifurahi. Alishukuru mpaka akainama. Aliwageukia ndugu waliokuwa kwenye benchi akawaambia wapunguze sauti, mama kapata usingizi. Kisha akatoka kwenda kumtafutia machungwa, akayachagua moja moja, yale ya ganda jembamba, kwa kuwa mkewe hakupenda kuhangaika na ganda. Aliporudi alikuta godoro tupu linapanguswa dawa, na mfagizi akamwuliza machungwa hayo ni ya nani. Hakuna mkubwa yeyote aliyekuja kusema pole. Kwa wakubwa wa pale jambo lilikuwa limeshasemwa.

Tangu siku hiyo Dobi aliapa kwamba neno lile halitampita tena.

"Halafu sikiliza lenyewe," alimwambia dada yake sasa, na sauti yake ilikuwa kavu kama kitambaa kilichoanikwa siku nzima. "Kwa mama yake walisema amepumzika. Hapo unaweza kusema ni Mungu. Leo wamesema tumempumzisha. Tumem-pumzisha. Ni wao. Wamekaa kikao chao, wakaona huyu hatoki, kitanda kinatakiwa, wakampumzisha."

"Usiseme hivyo, mdogo wangu."

"Sijasema mimi. Wamesema wao."

Marehemu aliyekuwa akizungumzwa hapo alikuwa mtoto wake wa pekee. Watu walimwita Redio, kwa kuwa alianza kuongea kabla hajaanza kutembea na hakupatikana mtu wa kumzima. Alikuwa fundi cherehani, mke wa dereva wa malori ya safari ndefu. Homa ya mapafu ilimwangusha ghafla: leo anashona, kesho yake amewekewa mpira kooni na mashine inampumulia. Dobi alikuwa akienda kila alasiri kumtazama. Kilichomtisha kuliko mipira yote ni ule ukimya. Mtoto yule hata akiwa amelala alikuwa anaongea.

Ikabidi mkwe aambiwe. Shangazi alitaka kupiga yeye, Dobi akakataa, akasema kazi ya baba haifanywi na shangazi.

"Umeegesha?" akauliza.

"Naegesha sasa, baba. Shikamoo. Vipi hali?"

"Marahaba. Ukishaegesha niambie."

Zikasikika breki, kisha injini ikazimwa. "Tayari, baba."

"Mkeo hatunaye, mwanangu. Wamempumzisha leo."

Upande wa pili hakikusikika kilio wala swali. Kilisikika kitu kama kikombe cha bati kinachoanguka, kisha simu ikakatika. Shangazi alipojaribu tena, haikuita, na haikuita kutwa nzima.

Mtaa ukapata habari kabla jua halijazama. Wakaja na viti, wakaja na turubai, wakalifunga kati ya mlingoti wa umeme na ukuta wa kibanda. Fundi viatu, ambaye alikuwa na ugomvi wa miaka na Dobi kwa ajili ya maji machafu yaliyokuwa yakipita mlangoni kwake, alikuja akaketi mstari wa mbele, akawa ndiye anayelia kuliko wote. Dobi mwenyewe hakulia. Alitoa kabatini shuka jeupe ambalo halijapata kulaliwa, akalitandaza mezani, akaanza kulipiga pasi. Alipiga upande mmoja, akageuza, akapiga wa pili, akakunja, akakunjua, akaanza tena. Watu walimtazama wakashindwa la kufanya. Mama mmoja alifungua kinywa kumwambia, "Baba, hebu pu...", akakiziba kwa mkono. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Asubuhi walikwenda wawili, Dobi na Shangazi. Dobi alivaa koti jeusi alilozikia mkewe, na shuka aliliweka kwapani ndani ya mfuko. Shangazi alijifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Saa za kuona wagonjwa bado, mzee," alisema mlinzi wa getini bila kuinua macho. "Tangazo hilo hapo."

"Sikuja kuona mgonjwa. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mlinzi akainua macho, akaona koti, akaona kitambaa cha Shangazi. Akavua kofia. "Pole sana, mzee wangu. Pita. Zungukeni nyuma, mlango wa kijani."

Mlango wa kijani ulikuwa wa mochwari. Mhudumu wake, mtu mnene mwenye buti za mpira, aliwasikiliza, akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka akitikisa kichwa.

"Huyo kwangu hajafika."

"Hajafika vipi?" Dobi akauliza. "Tangu jana mchana."

"Mzee, huku kwangu hakuna foleni. Angekuwa wangu angekuwa ameshafika. Waulizeni wenyewe huko juu."

Dobi alimshika dada yake mkono wakaanza kupanda ngazi, kwa sababu lifti ya pale ilikuwa imeharibika tangu zama za mkewe, na karatasi ya kuomba radhi iliyobandikwa mlangoni mwake ilikuwa imeshageuka njano.

"Wamemwacha kitandani," alisema kila walipofika kona ya ngazi. "Usiku kucha, Dada. Wamemuua na kumbeba hawakumbeba."

Mlango wa chumba cha mahututi ulikuwa wazi nusu, sista mmoja alikuwa ameupa mgongo akipima dawa. Dobi hakubisha hodi. Alipita, akapita kitanda cha kwanza na cha pili, huku akilitoa shuka mfukoni na kulikunjua, ili mwanawe asionekane na watu hata kwa hatua moja zaidi. Akafika kwenye pazia la mwisho, akalivuta.

Redio alikuwa ameketi.

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwani, mito miwili mgongoni, nywele zimesukwa upya mistari miwili. Mpira ulikuwa mdomoni. Kifua kilipanda, kikashuka. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yanamtazama yeye.

Dobi alisimama ameshika shuka kwa mikono miwili, limekunjuka mbele yake kuanzia kidevuni mpaka chini. Alisikia nyuma yake kitu kizito kinatua sakafuni, na hakugeuka, lakini alijua ni Shangazi. Kitu kimoja tu kilimpita kichwani, kwamba maiti hasukwi nywele.

Redio alitazama shuka. Akatazama koti, lile koti, ambalo alilijua kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyelishonea vifungo siku ya mazishi ya mama yake. Akatazama kitambaa cheusi cha Shangazi aliyekaa chini. Macho yake yakatanuka polepole. Halafu kifua kikaanza kuruka. Mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za kuanikia nguo, matundu ya pua yakapanuka, jasho likamtoka usoni kwa pamoja, na mashine ikaanza kupiga kelele.

"Nani kawaruhusu?" Sista alikuwa ameshafika, amemsukuma Dobi kwa bega. "Tokeni. Tokeni nje wote wawili. Binti, nitazame mimi. Nitazame mimi hapa. Taratibu."

Walitolewa. Shangazi alitoka na kiatu kimoja.

Kwenye ukumbi, Dobi aliegemea ukuta na shuka likiburuta. Alisikia kelele za mashine zikiendelea, kisha zikapungua, kisha zikaisha, na kuisha kwenyewe kukamtisha zaidi. Walipotoka walikuwa wawili: sista yule na daktari mkubwa wa chumba, ambaye Dobi alikuwa akimwita Miwani, kwa sababu hakupata kuambiwa jina lake. Makoti ya madaktari Dobi aliyapiga pasi miaka mingi. Alijua kwamba yakivuliwa yote ni sawa.

"Mzee," alisema Miwani, "lile shuka ni la nini?"

"La kumfunika mwanangu. Si mmesema amekufa."

"Nani amesema amekufa?"

"Ninyi. Sista huyu, kwa mdomo wake. Jana."

Sista alimtazama Dobi, akamtazama Shangazi na kitambaa chake, na rangi ikamtoka. "Mimi nilisema tumempumzisha," alisema. "Alishindwa kupumua peke yake, tukamrudishia mashine ili kifua kipumzike. Nikakwambia msije jana ili alale. Nilisema tum..." Akasimama katikati ya neno. Akalisikia. Mkono wake ukaenda kinywani, na mwingine ukatafuta ukuta.

"Ehe," alisema Dobi. "Sasa umelisikia."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha.

"Ngoja nikueleze, mzee. Mtu akilala na mashine ikampumulia, misuli ya kifua inakonda, kama mguu uliotoka kwenye plasta. Hatuwezi kuizima ghafla. Tunapunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo, yeye abebe zaidi, mashine ibebe kidogo. Akichoka, tunamrudishia. Jana alichoka."

"Kwa nini hamkusema alichoka?"

"Ni lugha yetu tu ya kazini."

"Kumbe mna lugha yenu," Dobi akasema. "Basi mngeniambia, nisingeitika kwa lugha yangu. Mimi nimeshamzika mwanangu tangu jana. Mtaa mzima umekaa chini ya turubai. Mume wake hapatikani, sijui yuko barabara gani, sijui kama yu mzima, na aliyemwambia ni mimi, na aliyeniambia mimi ni nyinyi. Na mama yake..." Akashindwa kuendelea na la mama yake.

"Nisamehe, baba," alisema sista kwa sauti ndogo.

Samahani ile ilikuwa imekuja, lakini ilikuwa ya deni la leo tu.

Miwani akasogea karibu. "Kuna jingine, na hili ni kubwa kuliko la maneno. Leo ndiyo ilikuwa siku yake nzuri. Homa imeshuka, kikohozi kina nguvu, usiku amelala. Tulikuwa tumtoe ule mpira leo. Sasa kila tukipunguza mashine anapigana nayo. Si kwamba kifua hakiwezi. Ana hofu. Amewaona mmevaa hivyo, na shuka, anadhani mmeambiwa jambo ambalo yeye hajaambiwa. Na mwenye hofu anahema mara mbili ya kazi inayotakiwa, misuli inakwisha upesi. Tukiikosa leo, kesho atakuwa dhaifu zaidi, na mashine yenyewe ikikaa sana inaleta ugonjwa mwingine mapafuni."

"Mnataka nini?"

"Uingie. Ukae naye. Anatazama mlango tu."

"Sasa mnanihitaji," Dobi akasema. "Jana mlisema nisije."

Alisema hivyo, lakini koti lilikuwa limeshamtoka mabegani. Alimpa Shangazi koti, akampa shuka, akaingia na shati lake la kazini. Chumba kile kizima hakikuwa na kiti cha ndugu. Kiti alichopewa kilikuwa kigoda cha sista mwenyewe.

Redio alimkodolea macho. Kifua kilikuwa bado kinarukaruka. Dobi aliushika mkono wake, ukamshangaza kwa wepesi, mkono wa fundi aliyekuwa akivuta majora ya vitambaa peke yake.

"Mama," alianza, "hawa watu hawajui kuongea."

Macho yakaendelea kumkodolea.

"Jana wamenipigia simu. Wakaniambia tumempumzisha. Wewe ungesikia nini?"

Redio alikunja paji la uso. Akalifikiria. Kisha paji likakunjuka, macho yakawa makubwa tena, lakini makubwa ya namna nyingine.

"Hilo hilo," alisema Dobi. "Nikaja kukuchukua. Sikuambiwa kitu kingine, nakuapia kwa kaburi la mama yako. Nilipitia mochwari nikakuulizia, jamaa akaniambia hakujui."

Mabega ya Redio yakatikisika. Mashine ikalia mlio mmoja. Sista akaja mbio, akamtazama usoni, akamtazama Dobi.

"Mzee, huyu anacheka?"

"Mimi sijui, sista. Mimi namweleza yaliyotokea."

"Mweleze kidogo kidogo."

"Fundi viatu," Dobi akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "amekulilia mpaka amepoteza sauti. Yule yule wa maji machafu. Shangazi yako ameanguka hapo mbele, kiatu chake kiko chini ya kitanda hiki, usikikanyage ukishuka."

Machozi yalikuwa yanamshuka Redio pembeni mwa macho, na Dobi hakuweza kujua ni ya upande gani. Lakini mkono uliokuwa umekaza ukalegea, na kamba za shingoni zikaanza kuzama moja baada ya nyingine.

Wakaanza. Sista alimvuta makohozi kwa mpira mwembamba, akamweka sawa mito, akabonyeza mashine. "Sasa mashine inakusukuma kidogo tu," alimwambia Redio. "Kazi kubwa ni yako. Usikimbie. Vuta, achia." Kisha akasimama pembeni akitazama, na alichokuwa anatazama Dobi alikijifunza upesi: shingo kama inavuta, pua kama inapanuka, tumbo kama linaenda kinyume na kifua, jasho juu ya mdomo.

Dobi alitazama kifua cha mwanawe kama anavyotazamwa mtoto anayevuka barabara peke yake. Kilipopanda alivuta pumzi. Kilipokawia kushuka aliizuia yake. Kilipoenda haraka alikwenda nacho. Baada ya muda chumba kikaanza kumzunguka, vidole vikamfa ganzi.

"Mzee," alisema sista, "usimpumulie. Utaanguka wewe. Pumua ya kwako."

Redio akaminya kiganja chake, akamtazama kwa jicho la kumsuta. Hilo jicho Dobi alilijua. Lilikuwa la kumwambia baba, ondoka jikoni, utaunguza.

Jua lilihama kutoka ukutani mpaka sakafuni. Jasho kidogo lilimtoka Redio juu ya mdomo, sista akalifuta, likatoka, akalifuta, kisha halikutoka tena. Miwani alirudi, akasikiliza kifua, akasoma namba za mashine, akamwambia akaze mkono, akamwambia akohoe.

"Vizuri," alisema. "Tumtoe."

Dobi alikuwa ameshasimama. Alikuwa amemshika daktari kifundo cha mkono, na hakukumbuka alikishika saa ngapi.

"Sema vizuri," alisema. "Mnatoa nini?"

Miwani aliutazama ule mkono, hakujaribu kujinasua. "Tunatoa mpira mdomoni, mzee. Mpira tu. Mtu anabaki."

"Rudia."

"Mtu anabaki."

Akamwachia.

Lilikuwa jambo la haraka kuliko alivyodhani. Sista akabandua utepe shavuni, Miwani akasema kohoa, na ule mpira ukatoka, mrefu, mrefu kuliko Dobi alivyojua kwamba kitu kinaweza kukaa ndani ya mtoto wake, una ute na damu kidogo. Redio akakohoa mara moja. Kisha hakufanya kitu. Kifua kilisimama. Mdomo ulikuwa wazi, macho yamemtoka, na hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Dobi aliwatazama waliovaa meupe, na waliovaa meupe walikuwa wanakitazama kifua, na katika kimya kile aliona godoro tupu linapanguswa dawa.

Kikapanda. Kikapanda kwa sauti, kama mlango uliokwama unaovutwa kwenye saruji, kikashuka, kikapanda tena. Sista akamvalisha puani mirija iliyokuwa ikipuliza hewa ya moto yenye mvuke. "Hii inakupunguzia kazi," alimwambia. "Usiongee leo." Redio akafumba macho akaendelea, pumzi moja, nyingine, kila moja ya kwake mwenyewe.

"Msishangilie," Miwani alimwambia Dobi mlangoni. "Kesho ndiyo itasema. Wengine huchoka usiku tukawarudisha."

"Mkimrudisha," alisema Dobi, "nipigieni mniambie tumemrudisha mashine. Kwa maneno hayo hayo. Msiongeze, msipunguze."

"Nitapiga mimi mwenyewe."

"Na jina lako nani?"

Daktari akamtajia. Dobi aliitikia kwa kichwa, lakini kumwita hakumwita.

Alipotoka alikaa kwenye benchi. Shangazi alikuwa amesimama dirishani na simu, kiatu kimoja mguuni, anajaribu namba ya mkwe bila kupata. Alimtazama mdogo wake usoni, akageukia dirisha tena, mabega yakimtetemeka.

Mkwe hakuhitaji kupatikana. Alikuja mwenyewe, anapanda ngazi kwa mikono na miguu, vumbi limemganda mpaka kwenye kope. Lori lilikuwa limeachwa na utingo huko barabarani, na yeye alikuwa ameomba nafasi kwenye magari ya watu tangu jana. Macho yalikuwa yamevimba. Alifika mbele ya benchi akasimama.

"Baba," alisema. "Mmeshamzika?"

Dobi alifungua kinywa. Alitafuta neno. Akataka kusema hayupo huko, akaliona linavyoweza kusikika. Akataka kusema ametoka. Akataka kusema yuko pazuri. Kila neno alilolishika lilikuwa na upande wa pili wenye makali, akalirudisha. Mkwe akaanza kuyumba, mkono wake ukaja ukashika ukosi wa shati la Dobi, ukaukaza, mkono wa mkwe kwenye shingo ya baba mkwe, na watu wote wa ukumbi wakageuka kutazama.

"Niambie basi," mkwe akasema. "Niambie mmeshamzika."

Dobi akamshika mkono ule ule, hakuutoa shingoni, akaenda nao hivyo hivyo mpaka kwenye kioo cha mlango, akamgeuza kichwa kwa kiganja, kama anavyogeuzwa mtoto.

Redio alikuwa amefumbua macho. Alimwona mumewe. Midomo ikacheza, na sista aliyekuwa karibu akainama kumzuia, akashindwa, kisha akaja kufungua mlango.

"Nimemkataza kuongea, hasikii," alisema. "Anauliza huyo wa vumbi mbona hajala."

Mkwe hakuingia. Alishuka taratibu na fremu ya mlango mpaka magoti yakafika chini, kichwa kikaegemea mbao, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kilio wala ya kicheko. Sista akamshika kwapa la upande huu, Dobi la upande ule.

"Mmoja mmoja," alisema sista. "Mzee, wewe ubaki nje."

Dobi akabaki nje. Nyuma yake Shangazi alikuwa ameipata simu ya mtaani, na alikuwa akizungumza kwa sauti ya juu, kwa sababu huko chini ya turubai watu walikuwa wanaimba na hawasikii.

"Nimesema hai," alikuwa akisema. "Hai. Hapana, sijachanganyikiwa. Mwambie fundi viatu anyamaze kwanza. Hai, wewe. Kwani hilo nalo lina maana ngapi?"